Mbuzi Aliyelamba Ukuta

"Mbuzi yako iko nalamba ukuta yangu, Yaya Madina! Kila asubuhi! Mi nimechoka kusema!"

"Inalamba, Delphine, haikuli! Kulamba nayo imekuwa kosa? Serikali imepima samaki ya mume yako, imepima makayabu ya kila komini. Bon, kesho ikuje kupima na ulimi ya mbuzi yangu!"

Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo za maji walicheka, wakatua ndoo zao. Tshopo ni komini, mtaa mmoja wa mji, ya watu wenye masikio, na ugomvi wa majirani hawa wawili, Delphine na Madina aliyemwita yaya, dada mkubwa, ulikuwa na sifa ya kunoga.

"Na matembele yangu?" Delphine alielekeza ufagio kwenye bustani yake chini ya ukuta wa nyuma. Majani ya viazi yaliyokuwa yakilisha nyumba nzima yalikuwa yamekunjamana, yamekuwa ya rangi ya kahawa. "Tazama! Yote imekauka sawa vile imepigwa na moto. Ni maji ya ngozi! Papa Alfani anamwaga maji yake ya ngozi huku, na mbuzi inafuata harufu ya bwana wake."

"Alfani? Alfani wangu? Ondoa jina ya mume yangu mu kinywa, we mwenye mume iko..."

Hapo Madina akajikata mwenyewe. Alikuwa karibu kusema "gerezani", na wote waliokuwepo walilisikia neno hilo ingawa halikutoka. Delphine akashusha ufagio. Mbuzi, dume jeusi lenye ndevu ambaye mtaa mzima ulimwita Ministre, kama waziri wa serikali, kwa sababu alikula kwa kila mtu na hakumshukuru yeyote, aliendelea kulamba.

Inspekta Lukumani alikuwa amesimama penye uzio na baiskeli yake tangu mwanzo wa maneno, na hakuwa na haraka ya kuwanyamazisha. Watu wakigombana husema mambo ambayo ukiwaita ofisini na kuwapa kiti hawayasemi hata kidogo.

"Ee, mutoto wa Mzee Waziri!" Madina alimwona, akapata pa kuangushia aibu yake. "Umekuja kumubeba Delphine naye? Basi ungoje kwanza akule. Ingia kwangu, kuna wali."

"Asante, Mama Madina. Sikuli mu nyumba yenye dosie ya kesi iko wazi, wala kwa jirani yake."

"Basi utakufa njaa, maana kwa mudomo ya Delphine, dosie ya hapa haitafungwa!"

Watu wakacheka tena. Lukumani naye alicheka, ingawa tumbo lake halikuona cha kuchekesha. Aliegemeza baiskeli, akaingia kwa Delphine.

Mwaka huo, 1965, mji ulikuwa bado Stanleyville kwenye karatasi na Kisangani midomoni. Simba, wale waasi walioushika mji mwaka uliotangulia, walikuwa wamefukuzwa, risasi zilikuwa zimepungua, na serikali ilikuwa imeweka amri mbili juu ya samaki. Mvuvi wa mtoni alipewa kota, kiasi chake cha kuvusha na kuuza, ili wenye mitumbwi mikubwa wasizoe kila kitu na kukipeleka mbali. Makayabu nayo, ile samaki ya chumvi inayotoka ng'ambo ya bahari na kupandishwa kwa meli kutoka Léopoldville, ilifungiwa kwenye ghala la bandarini na kugawiwa kila komini: hospitali kwanza, nyumba zenye watoto wengi baadaye. Watu waliinung'unikia kota, kwa kuwa mtu hapendi kupimiwa. Lakini ukiwauliza vizuri, hasa akina mama, walikwambia wanamshukuru aliyeileta, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya njaa ya vita, sufuria ya mnyonge nayo ilikuwa na harufu.

Kisha magunia ya makayabu yakaanza kupotea ghalani. Jana yake maaskari walimsimamisha ufukoni mume wa Delphine, René, mvuvi wa ukoo wa Yanonge, akiwa tayari kuvuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto. Samaki wake wa kota walikuwa sawa. Lakini pembeni mwa mtumbwi mlikuwa na kikapu kingine, cha vipande vilivyokaushwa kwa moshi. Askari mmoja mwenye njaa akamega kipande, akatafuna, akatema. Ndani ya moshi mlikuwa na chumvi.

"Makayabu ya serikali!" akapiga kelele, na René akafungwa mikono.

Alipohojiwa, René alisema jambo ambalo watu wa mtoni walilielewa na kamisaa wa polisi, aliyetoka kusini, hakulielewa hata chembe. Kikapu kilikuwa kimeachwa ufukoni, kimefungwa jani la ndizi kwenye mpini. Kikapu chenye jani hakina maswali: mwenye mtumbwi hukivusha, hukiweka chini ng'ambo ya pili, na mwenyewe huja kukichukua. Wakati wa Simba, mama aliyenaswa upande mmoja aliwalisha watoto wake wa upande wa pili kwa njia hiyo. René alikuwa amevusha vikapu vya namna hiyo chini ya risasi. Sasa angevikataa kwa nini?

"Kwa hiyo hujui ni cha nani?" kamisaa aliuliza.

"Kikapu iko na jani, chef. Haiulizwi."

Kamisaa aliandika "hujuma ya uchumi". Mwaka huo, neno hujuma lilikuwa na mlio wa bunduki ndani yake. Meli ya kushuka Léopoldville ingeondoka kesho asubuhi, na René angekuwa ndani yake, aende akahukumiwe na wanajeshi wasiomjua, bila kuwa na wa kumpelekea hata maji.

Lukumani alikuwa amekimwaga kile kikapu mezani na kukigeuza kipande kwa kipande. Hapakuwa na kichwa hata kimoja. Hilo lilimkaa moyoni. Wanawake wa mtoni hukausha samaki mzima, amekunjwa mkia kinywani, kwa sababu kila ukoo una samaki wake wa mwiko na mnunuzi hataki kuambiwa, anataka kuona sura. Samaki wa moshi asiye na kichwa hauziki sokoni Kisangani. Mtu wa mto asingepoteza kuni kukausha kitu kisichouzika; aliyekausha vile vipande hakuwa mtu wa mto. Alipomweleza kamisaa, alijibiwa kwamba kichwa kisichokuwepo si ushahidi. Akapewa siku moja.

Sasa alichutama kwenye bustani iliyokufa, akamsukuma Ministre kwa bega. Chini kabisa ya ukuta palikuwa na tundu la kupitishia maji, dogo, na ardhi mbele yake ilikuwa na weupe kama unga ulionyeshewa. Lukumani akachovya kidole, akaweka kwenye ulimi.

Chumvi.

Kama kamisaa angeionja ardhi hii, asingeuliza zaidi: nyumba ya René, bustani ya René, chumvi ya René. Mke naye angepanda meli.

"Mama Delphine," alisema polepole, "kuja uonje."

Delphine aliinama, akaonja. Kisha akapiga magoti pale pale kwenye udongo, akaonja tena, na alipoinua uso, uso ule ulikuwa wa mtu aliyeona mkate umetupwa chooni.

"Chumvi," alisema. "Inspecteur, nani anatupa chumvi?"

"Chumvi gani?" Madina alikuwa ameshapita uzio; ugomvi haukuwahi kumzuia kuona kitu kwa karibu. Akachutama upande wa pili wa mbuzi, akaonja. "Ya Allah. Ni chumvi ya kweli. Ya dukani! Delphine, unakumbuka?"

"Ninakumbuka, Yaya."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa wanakumbuka nini. Katika mwaka wa Simba chumvi iliisha mjini. Watu walizoa magugu yanayoelea mtoni, wakayakausha, wakayachoma, wakachuja majivu na kuchemsha maji yake mpaka sufuria ikaacha ukungu mchungu uliokwaruza koo. Wanawake hawa wawili walikuwa wamechuja majivu hayo kwa kitambaa kimoja, mmoja akishika upande huu na mwingine upande ule. Mtoto wa Madina alipovimba miguu, Delphine alimletea chumvi ya kweli, mabaki ya chini ya chungu cha samaki cha mama yake, imefungwa kwenye pindo la kitenge. Na Simba walipokuja kumtafuta René wampokonye mtumbwi, Madina alimvalisha kanzu ya Alfani na kofia, akamketisha barazani na tasbihi mkononi. René Mkristo alijifanya anasali jioni nzima.

"Alikuwa anahesabu zile shanga sawa mutu anahesabu mayai," Madina alisema, na wote wawili wakacheka huku wakifuta macho.

Lukumani aliwatazama. Aliwahi kuhoji waongo wengi. Mtu aliyemwaga kitu hapigi magoti hivyo kukionja.

Hata hivyo kazi ni kazi. Alienda kwa Alfani, mchinjaji, mume wa Madina. Mtu wa ngozi hutumia chumvi nyingi, na shutuma ya Delphine, hata kama ilitoka kwa hasira, ilistahili kutazamwa.

Alfani alikuwa uani, amekaa kati ya ngozi zilizotandazwa kwenye fito.

"Papa Alfani, ngozi zako unazitia nini siku hizi?"

"Majivu na jua, mwanangu. Chumvi mi nitatoa wapi? Ya mwisho tulikula." Akamrushia ngozi moja. "Gusa. Onja ukitaka, leo naona mnaonja kila kitu."

Lukumani alipitisha kidole na kuonja. Majivu matupu. Akanusa ndoo ya maji ya kuoshea: damu, na inzi wakainuka kama wingu. Kule bustanini hapakuwa na inzi hata mmoja, wala harufu ya damu. Mlango huo ukafungika.

"Kaa basi tukule," Alfani alisema. "Wali iko tayari."

"Dosie, Papa."

"Dosie, dosie. Baba yako Waziri hakukataa sahani hata siku moja, na alikuwa mutu wa maana kukupita."

Lukumani alirudi ukutani, akasimama akilitazama lile tundu. Mtu yeyote aliyekula majivu mwaka jana asingeyamwaga maji haya. Angeyachemsha usiku kucha, angefunga chumvi kwenye karatasi, angempelekea mama yake na kubakiza ya kuuza. Aliyeyamwaga hakujua kwamba ametupa mali. Kwa maneno mengine, mwaka wa Simba hakuwepo hapa.

"Mama Madina," aliita, "katika nyumba za kuzunguka ukuta huu, nani hakuwa mu Kisangani wakati wa Simba?"

Kumuuliza Madina swali kama hilo ni kumfungulia mtu wa sherehe mlango wa ngoma. Alijifunga kitenge upya.

"Agathe wa pale kona? Alikuwa hapa, alijificha mu dari, akanenepa humo humo, hata leo hatujui alikula nini. Marthe? Hapa, alizaa mapacha siku ile ndege zilileta askari wa kufukuza Simba. Mzee Nicolas wa kushona alikuwa hapa, sasa iko kwa binti yake, komini ya Mangobo. Philomène alikuwa hapa, akasema ataolewa na kolonel wa Simba, kolonel akakimbia na cherehani yake..."

"Na nyumba hii?" Lukumani aligonga ukuta.

Delphine ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Hii ni ya Monsieur Lambert. Karani ya ghala ya makayabu. Alikuja na meli kutoka Léo, Simba walikuwa wamekwisha kwenda."

Lukumani alimjua Lambert. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Ndiye aliyemwambia kamisaa, bila kuulizwa, kwamba alimwona René akizungukazunguka karibu na ghala.

"Jiko yake haina moshi?"

"Moshi?" Delphine alitazama banda lake la kukaushia samaki, lililofuka tangu alfajiri hadi jioni na kutia mtaa wote kikohozi. "Inspecteur, mu uwanja yangu, nani ataona moshi ya mutu mwingine?"

Lukumani alizunguka mtaa mpaka mlango wa mbele wa Lambert. Aliyefungua alikuwa mke wa Lambert, Viviane, mwembamba, macho mekundu. Hakuuliza amekuja kwa ajili ya nini. Lukumani naye hakuuliza kuhusu makayabu.

"Madame, maji ya jikoni yako mnatupia wapi?"

Alitazama nyuma yake, kisha barabarani, kama mtu anayepima mto kabla ya kuingia. "Mume yangu iko bandarini," alisema.

"Ninajua. Ndiyo maana nimekuja sasa."

"Tokea jana silali." Maneno yalianza kutoka, Kiswahili chake kimevunjikavunjika na Lingala ikiziba mapengo. "Siku tulifika hapa, hatukuwa na hata kuni. Mama Delphine alipitisha samaki juu ya ukuta. Samaki muzima, ya moto, na chikwange ya muhogo. Hakujua jina yangu! Alisema tu, mwanangu, kula, utaniambia jina kesho." Alifuta pua. "Jana nilisikia anavyolia. Mi nilikuwa nageuza vile vipande kwa moto, huku analia."

Akaacha mlango wazi, akatembea mbele. Jikoni mlikuwa na pipa la kulowekea makayabu itoke chumvi, wavu wa chuma juu ya makaa wa kuikausha ifanane na samaki wa mto, na magunia yaliyokunjwa vizuri, alama ya ghala bado inaonekana upande wa ndani. Kwenye ndoo mlikuwa na makayabu iliyopasuliwa bapa, bila vichwa, kama inavyokuja daima kutoka ng'ambo. Lukumani alimimina kopo la maji kwenye sakafu. Yalitiririka moja kwa moja kwenye tundu, na upande wa pili Ministre akasikika akipiga kwato kwa furaha.

"Inakwenda wapi, hii ya kukauka?"

"Lubunga. Kantini moja ya vibarua, batu wa mbali. Hawaulizi kichwa. Mume yangu anaacha kikapu ufukoni na jani, batu wa mutumbwi wanavusha bure." Akasita. "Mama Delphine ndiye alinifundisha ile ya jani. Mi nikamwambia mume yangu. Nilimwambia tu sawa kitu kizuri nimesikia."

"Na maji ya chumvi?"

"Hiyo pia alinifundisha. Alisema, mwanangu, hapa chumvi haitupwi hata siku moja. Nikaweka bakuli moja nichemshe, nimpelekee zawadi. Lambert akacheka. Akasema, chumvi ni ya washenzi kuchemsha, akamwaga."

Lambert alirudi saa ya chakula cha mchana, kalamu zake mbili mfukoni. Alimkuta inspekta ameketi kwenye kigoda jikoni kwake na maaskari wawili mlangoni.

"Nini hii? Nani alikuruhusu?"

"Mbuzi," alisema Lukumani. "Kaa chini, Monsieur Lambert."

"Magunia hayo nilinunua. Tupu."

"Na iliyo ndani ya ndoo?"

"Ya mgao. Mgao wa nyumba yangu."

"Nyumba ya watu wawili, na pipa la watu wa hospitali nzima. Bon. Nieleze tu kitu kimoja: kwa nini ulimwaga maji?"

Lambert alimtazama kama aliyeulizwa na mwendawazimu. "Maji machafu ya chumvi? Ulitaka niyafanye nini?"

Askari mmoja mlangoni, mtoto wa Kabondo aliyekula chumvi ya majivu, aliguna. Mwenzake, wa Lubunga, akatikisa kichwa taratibu. Lambert aliwatazama mmoja baada ya mwingine, asijue amesema nini, na Lukumani hakujisumbua kumweleza. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, na alipoulizwa mbele yake kama kikapu cha ufukoni kilitoka jikoni humu, alisema ndiyo.

Kamisaa aliyaona magunia, akalionja pipa, akaivuta karatasi ya hujuma na kubadilisha jina. Hakuomba radhi, lakini alimfungua René kamba kwa mikono yake mwenyewe, akamrudishia na ruhusa yake ya uvuvi, akamwambia kota yake haijaguswa. René aliitikia, "Asante, chef," mara mbili, kisha akamgeukia Lukumani. Alimshika tu mkono kwa mikono miwili, akaubakiza hapo kwa muda mrefu, kama mtu anayeshikilia ukingo wa mtumbwi.

Walirudi Tshopo pamoja, jua bado liko juu. Kelele za kuwapokea zilianza kabla hawajafika penye uzio. Uzio wenyewe haukuwepo tena: Alfani aling'oa fito ili meza mbili ziungane. Madina alikuwa na wali, Delphine liboke za samaki zikifuka kwenye majani, Agathe lituma ya ndizi za kupondwa, na mtu mmoja alikuwa ameleta kinanda cha vidole. Alfani alikuwa amechukua kisu akimtazama Ministre, lakini Madina akasimama katikati.

"Shahidi hachinjwi! Huyu ameokoa mutu. Toka leo anakula matembele ya nani anataka!"

"Yangu hapana!" Delphine alipiga kelele kutoka jikoni, na kila mtu akacheka, kwa sababu mambo yalikuwa yamerudi mahali pake.

René aliketi barazani pa Alfani, mahali pale pale alipowahi kuketi na tasbihi. Alfani alipita tu, akamvisha kofia yake kichwani, akaendelea na shughuli.

"Inspecteur," Madina alisema, mikono kiunoni, "dosie?"

"Imefungwa, Mama."

"Al-hamdulilahi. Basi nawa mikono, huna tena kisingizio."

Lukumani akanawa. Ni hapo, akiwa ameinama juu ya beseni, alipoona juu ya ukuta wa nyuma nusu ya uso wa Viviane, macho na paji, akitazama karamu. Alipoonwa, akashuka. Meza nzima ilikuwa imeona pia, na kelele zikapungua. Mume wake ndiye aliyetaka kumpandisha René kwenye meli. Mikono yake ndiyo iliyogeuza vile vipande.

Delphine alitoka jikoni na liboke mkononi. Aliipeleka ukutani, akasimama kwenye kigoda, akatazama upande wa pili. Kisha Delphine akabadilisha nia, akashuka na ile liboke yake.

"Hapana," alisema, "leo sipitishi samaki juu ya ukuta." Akapaza sauti ili isikike nyumba zote: "Viviane! Zunguka, mwanangu. Mlango iko wazi. Ingia, tukule."